Walichukua Maiki, Wakatuachia Redio

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, kaa hapa nikusimulie kwa kifupi. Kwa kifupi kweli, maana na mimi nimechoka kurudia.

Naitwa Eliamani. Ni fundi wa magari, mzaliwa wa Machame, na kilichonileta Karatu ni Land Rover za watalii. Gereji niliyofanyia kazi ilikuwa ya Mzee Hhando, Mwiraqw wa Mbulumbulu, na humo gerejini mzee alikuwa na simu ya upepo, ile redio ya kuitana kwa maiki. Kila jioni saa kumi na mbili aliifungua kwa mtu yeyote anayetaka kusema.

Miaka hiyo ya tisini mwishoni, simu ya mkononi tuliiona kwenye mikanda ya wageni tu, tena haishiki. Mwenye mgonjwa Wasso, safari ya siku nzima, alikuja kwenye upepo. Mwenye mbuzi waliopotelea Enguserosambu alikuja kwenye upepo. Hata anayetaka kumsuta shemeji yake alikuja, akamsuta, na sote tukasikiliza.

Mzee hakuruhusu mtu ajipe jina. Jina alikupa yeye, kutokana na kitu cha kwanza ulichokitaja hewani. Mimi siku ya kwanza nililalamika kwamba kuna dereva ameondoka na spana yangu namba kumi na saba. Nikawa Spana. Mwalimu mmoja wa Wasso, Nanyori, alikuja kuomba chaki za shule yake. Akawa Chaki.

Spana akamtafutia Chaki chaki, akazituma kwa basi. Chaki akashukuru. Spana akasema si kitu. Kesho yake tukaulizana hali, na kesho kutwa tena, mbele ya watu wote, maana kwenye upepo hakuna faragha, na ukimaliza kusema lazima uite "ova" mwenzako ajue ni zamu yake. Mama mmoja wa Mbulumbulu, Laurencia, alikuwa haoni aibu kuingilia: "Wewe Spana, muulize basi mtoto wa watu kama ameshakula, ova!"

Uso kwa uso hatukuwahi kuonana. Na sauti ya upepo mnaijua, kila mtu anasikika kama bata aliyebanwa mlangoni. Lakini moyo hauna habari na bata.

Kisha macho ya Mzee Hhando yakaisha nguvu. Akauza gereji na upepo wake kwa kijana wa Arusha anayeitwa Dennis, akarudi shambani. Hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Dennis alianza na jina. "Kuanzia leo hakuna tena Upepo," alitangaza. "Hii ni Safari Nyota." Sisi tukaendelea kuita Upepo. Ukitamka Upepo hewani, anakufungulia muziki juu ya sauti yako mpaka unyamaze.

Akaleta tangazo la betri. Unaulizia mgonjwa, betri. Unapewa habari za msiba, betri. Wazee wa kusema kwa adabu wakaanza kuondoka, wakabaki watukanaji, na mtukanaji Dennis hakumgusa kwa sababu akitukana watu wanasogea redioni.

Akaijengea redio kubwa chumba cha plaiwudi ndani ya gereji, akakipiga kufuli. Sisi mafundi tukafukuzwa mezani. Mimi nikahamia kwenye Land Rover mbovu iliyowekwa juu ya mawe mwisho wa uwanja. Ilikuwa na redio yake, nikaifungia betri, na kila jioni jenereta likianza kunguruma, naingia humo, napandisha vioo, namtafuta Chaki wangu.

Na Chaki, nawaambia ukweli, ndiye aliyenifanya nivumilie. Tangu mvua zile kubwa zianze alikuwa amebadilika. Zamani alikuwa mkavu kidogo, mwalimu mwalimu. Sasa akawa anacheka. Akawa anauliza nimekula nini, mama yangu alikuwa anapika nini, kwa nini naamka na huzuni. Na kulikuwa na jambo letu wawili tu: Dennis akishafunga kipindi na watu wameshazima redio zao, Chaki alikuwa anagonga maiki kwa kucha mara tatu. Mimi najibu mara mbili. Hakuna neno. Kisha tunalala.

Wiki iliyopita niliishia pale Dennis aliponiita ofisini. Haya, sasa endelea nami.

"Fundi, jina lako limeiva," aliniambia, kakaa juu ya meza anabembeza funguo. "Linauzika. Ukitaka kubaki nalo, lilipie kila mwezi kama wenzako."

"Jina nilipewa na mzee."

"Mzee alikuwa anagawa. Mimi nauza. Ndiyo tofauti yetu."

"Na nisipolipa?"

"Utasikiliza. Kusikiliza ni bure, kaka. Mimi sijamnyima mtu masikio."

Nilikataa. Msije mkanisifu, haukuwa ushujaa. Nilikuwa nimechoka tu. Kuna uchovu unaofika mtu akakuambia ulipie jina lako mwenyewe, ukashindwa hata kukasirika.

Kesho yake jioni naingia kwenye Land Rover yangu, nakuta maiki imeng'olewa. Redio ipo, spika ipo, waya umekatwa. Nikawa mtu wa kusikiliza, kama alivyoniahidi.

Saa kumi na mbili ikafika. Dennis mwenyewe ndiye aliyekuwa anaita majina.

"Spana, Spana, Spana. Chaki yuko hewani anakuulizia, ova."

Nikasema moyoni, atajua nimenyamazishwa. Atauliza. Watu watauliza.

"Spana hapa, nakupata vizuri, ova."

Jamani! Nilishika koo langu mwenyewe. Kuna mtu amejibu, na mimi nimekaa pale mdomo umefumbwa.

"Chaki mpenzi," yule mtu akaendelea, na nyuma yake nasikia wenzake wanacheka, glasi zinagongana, "leo nataka nikwambie ukweli. Nimepata mwingine hapa Mto wa Mbu. Wewe ulikuwa wa kupitishia mvua tu. Ova!"

"Siyo mimi!" nikapiga kelele ndani ya Land Rover. "Siyo mimi, wewe! Huyo siyo mimi!"

Nikapiga honi. Honi ilikuwa mbovu. Fundi mwenzangu aliyekuwa chini ya gari akatoa kichwa, akanitazama, akarudi chini.

Mama Laurencia akaingia kwa hasira. "Spana, wewe mtoto umelaaniwa? Mwaka mzima unatuliza na kutuchekesha, kumbe ndivyo ulivyo? Pepo lako likukamate huko huko, ova!"

Betri. Tangazo zima, mpaka wimbo wake.

Chaki hakusema kitu jioni ile. Kipindi kikafungwa. Nikabaki nimeegemea usukani, nikijua yameisha. Kisha, watu wote wameshazima, nikasikia spikani: ta, ta, ta.

Mara tatu, kama kawaida yetu. Na mimi sina cha kumjibia.

Nililia, wasomaji. Mtu mzima wa miaka thelathini na ushee, mikono ina grisi hadi kwenye viwiko, nililia ndani ya gari lisilo na matairi. Nikaapa kwamba nitakwenda Wasso kwa miguu yangu, nimsimamie mbele, nimwambie kwa mdomo wangu.

Alfajiri nikawa na begi. Langoni nikakutana na Christina.

Huyu sijawahi kuwaeleza vizuri, maana sikuona sababu. Ni mdogo wake Dennis, ndiye aliyekuwa anashika stoo ya spea. Binti mpole, wa maneno machache. Ukimwomba nati, anakupa nati. Nilimsalimia kila asubuhi na sikumbuki hata siku moja niliyongoja kusikia jibu lake.

"Fundi Eli, begi la wapi?"

"Wasso."

"Leo?"

"Leo hii."

"Barabara imekatika."

"Itaungika."

Akasimama hapo langoni, hapishi. "Usiende. Subiri jioni, nina jambo nataka nikuambie."

"Niambie sasa."

Akageuka kuangalia dirisha la chumba cha kaka yake. Pazia lilikuwa limefunguliwa. "Sasa siwezi."

"Dada, jioni mimi nitakuwa mbali. Nipishe, basi linaniacha."

Akanishikisha kitu cha moto kimefungwa kwenye karatasi. Chapati. Nikashukuru huku nimeshampa mgongo.

Safari yenyewe siisimulii. Anayeijua barabara ya Wasso wakati wa mvua anaijua, na asiyeijua asiombe. Itoshe kusema kwamba tulisukuma basi kuliko lilivyotubeba, na tulilala njiani kabla ya Soitsambu, abiria tumeegemeana, kondakta akitugawia maji kwa kifuniko.

Chapati nilizila hapo. Zilikuwa zimetiwa iliki. Nikawaza, huyu binti kajuaje kwamba napenda chapati zenye iliki? Mama yangu marehemu ndiye aliyekuwa anatia. Kisha nikajijibu kwamba nilishawahi kumwambia Chaki hewani, na hewani anasikia kila mtu. Nikaacha kuwaza.

Asubuhi, tope bado limetushika, nikaona pikapu imezama upande wa pili wa korongo, inatoka Wasso. Dereva anapunga mikono. Nikamfahamu. Remigius, kijana wetu wa gereji, siku hizi mtu wa kutumwa na Dennis.

"Fundi! Mungu kakuleta! Klachi imekufa, nimelala hapa na fisi."

Nikavua viatu, nikavuka. Nikalala kwenye tope chini ya pikapu yake mpaka klachi ikashika. Kisha nikawaita abiria wenzangu, tukamsukuma mpaka akatoka.

Kwenye kiti cha pembeni alikuwa na kiroba kimefungwa mdomo kwa kamba. Nilikisogeza nipate pa kuweka spana, kikalia ndani, kama vyombo.

"Umebeba nini?"

"Takataka za bosi. Usiniulize. Hata gerejini hawajui niko huku, kasema iwe kimya kimya." Akanipa soda ya moto. "Na wewe huku unafuata nini?"

"Jina langu."

Akacheka, akadhani namtania. Akaondoka, nikamwangalia mpaka akapotea na kiroba chake. Hiyo klachi, wasomaji wangu, mpaka leo nikiikumbuka natamani mikono yangu ingekuwa imepooza siku ile.

Tuliingia Wasso jua limeshapita utosini. Nikauliza duka lenye redio ya upepo, nikaonyeshwa kwa Tajewo. Mzee wa makamo, shuka jekundu juu ya koti, anapima sukari.

"Sopa," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," nikajibu. "Mzee, mimi naitwa Eliamani, natoka Karatu. Huku pengine mnanijua kwa jina la Spana."

Mkono wa kupima sukari ukasimama. Watu wawili watatu waliokuwa kwenye benchi wakatazamana.

"Spana yupi?" akauliza Tajewo. "Siku hizi mmekuwa wengi."

"Wa kwanza. Wa Mzee Hhando."

"Ahaa. Na unataka nini Wasso?"

"Namtafuta mwalimu Nanyori."

Akatumwa mtu shuleni. Nilikaa kwenye benchi, tope limenikaukia mpaka kwenye nyusi, nikajipangia maneno. Nilikuwa nayo mazuri. Nilikuwa nimeyatunga njia nzima.

Mwalimu akaingia. Mrefu, mtulivu, vumbi la chaki kwenye mikono. Akanitazama kuanzia viatuni.

"Ndiwe Spana?"

"Ndimi, mwalimu. Na kabla hujasema lolote, yale ya juzi hayakutoka kinywani mwangu. Naapa kwa kaburi la mama. Jina langu limeuzwa. Maiki wameniondolea, nilikuwa nasikia tu, siwezi kujibu. Nimekuja nikuambie mwenyewe."

Kisha akaketi, akaweka mikono magotini.

"Kaka yangu," akasema, taratibu, kama anaongea na mzazi wa mtoto aliyefeli, "mimi mara ya mwisho kusema na wewe ilikuwa kabla ya mvua."

"Mvua za juzi?"

"Mvua zile kubwa. Dennis alipoanza kuuza majina alituma watu tulipie. Mimi nikasema silipii jina la chaki nilizoombea watoto. Nikaacha."

Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka. "Mwalimu, tumeongea kila jioni."

"Umeongea na nani?"

"Na wewe! Na kugonga je?"

"Kugonga nini?"

Nikainua ukucha, nikagonga ubao wa kaunta. Ta, ta, ta. Nikamtazama usoni nikingoja. Uso wake haukubadilika. Alikuwa ananionea huruma tu, na huruma ile ilinichoma kuliko tusi la Mama Laurencia.

"Nilijaribu kukuambia," akasema. "Nilishika maiki hapa hapa, nikasema Chaki ni mimi, huyo simjui. Nikafunguliwa muziki. Nikarudia siku nyingine, muziki tena. Basi sisi watu wa Wasso tukagoma. Hatusemi. Tunasikiliza habari za magari na wagonjwa, tunazima."

"Na mliniacha?"

Tajewo ndiye aliyejibu. "Bwana, sisi tulijua mnaigiza. Huyo mwanamke akimaliza kucheka tu, linakuja tangazo la betri. Tukasema, hawa Wakaratu wametengeneza mchezo wao wa kuuzia betri. Wake zangu wanaupenda sana, hata mimi nilikuwa nausikiliza. Kumbe wewe hujui?"

"Sijui."

"Lo!" akasema mtu wa kwenye benchi, akajifunika mdomo kwa shuka.

Nikainuka kwenye benchi. "Lakini alisema yuko Wasso."

"Wasso redio ya upepo huo ni hii moja," alisema Tajewo, akaipiga kofi kama ng'ombe. "Haiondoki machoni pangu. Hakuna mwanamke mwingine aliyesema kwa jina la Chaki kutoka hapa. Nikuulize kitu, fundi. Siku ile ya radi, iliyong'oa bati la shule, uliongea naye?"

"Niliongea naye."

"Nani mwingine wa huku mlimpata siku hiyo?"

Nikafikiri. "Hakuna. Soitsambu hakuna, Enguserosambu hakuna. Ilikuwa mikwaruzo mitupu."

"Na yeye?"

"Alikuja safi. Safi kabisa."

"Sasa wewe fundi wa magari," akasema Tajewo, "likija gari gerejini kwako, dereva akasema natoka Wasso leo kwenye mvua, na gari halina hata tone la tope, utamwamini?"

Mimi ile sauti safi nilidhani ni mapenzi. Niliwahi hata kumwambia hewani, "Chaki, mbingu zote zinanguruma lakini wewe nakusikia," na Mama Laurencia akapiga vigelegele.

"Mimi, kaka, nilikushukuru kwa chaki," Nanyori akasema kwa sauti ya chini. "Na nilikushukuru kweli, watoto waliandikia muhula mzima. Ila zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Niliolewa Krismasi."

"Hongera," nikasema.

Nilikuwa namaanisha, ajabu yake. Nilipomtazama yule mwalimu sikumkuta mtu wangu. Mtu wangu ni yule aliyegonga. Nimesafiri kumfuata mwenye jina, na mwenye jina siye niliyempenda.

Basi nani? Redio safi namna ile, siku ya radi, haiwezi kuwa mbali. Ukiacha yangu, Karatu redio ya upepo iliyo hai ni ile ya chumba cha plaiwudi. Na chumba kile kina funguo mbili. Mmoja anaubembeza Dennis, wa pili hukaa stoo ya spea.

Nikakumbuka iliki. Nikakumbuka "nina jambo nataka nikuambie." Nikakumbuka pazia.

"Basi la kurudi Karatu linaondoka lini?" nikauliza.

"Keshokutwa," alisema Tajewo. "Likifika."

Nanyori akaagiza chai, akanikalisha. Hakuondoka. Watu wakaongezeka dukani, maana habari hapo Wasso haihitaji redio. Saa kumi na mbili Tajewo akafuta vumbi kwenye spika kwa kiganja, akawasha.

"Hapa Safari Nyota, Karatu," sauti ya Dennis ikajaa duka. "Wateja wetu wa majina ndio watakaoanza." Betri. Wimbo wa betri. Kisha jamaa mmoja akamtukana mwenzake kuhusu punda. Kisha Dennis akasema kuna mgeni langoni, anaacha muziki kidogo.

Muziki ukapiga. Ukakatika ghafla.

"Spana." Ilikuwa sauti yake. "Spana, Chaki hapa. Simwiti aliyenunua. Namwita yule wa kwenye Land Rover."

Watu wote wakasogea karibu na spika.

"Nimekadiria, leo umefika Wasso. Kama umefika, basi umeshamwona mwenye jina, na unajua kwamba siye mimi. Nisikilize haraka, mlango nimeufunga kwa ndani na kaka atarudi. Mimi sijawahi kuiona Wasso. Naitwa Christina. Ndimi ninayekupa nati."

Nanyori akanishika mkono.

"Kaka aliniambia wasikilizaji wanapungua, mwalimu amegoma, na watu wanamtaka Chaki. Akaniandikia cha kusema. Mwanzo nilisoma alichoandika. Nilikuwa nakuona kwa tundu la ukuta, umekaa kwenye lile gari, unatabasamu peke yako, na nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikaacha kusoma. Nikawa nasema ya kwangu."

Nyuma yake tukasikia ubao unapigwa. Ngumi. "Christina! Fungua! Christina!"

"Nilikuuliza chakula cha mama yako kwa sababu nilitaka kujua," akasema, sasa anakimbiza maneno. "Nilikucheka kwa sababu unachekesha. Na kugonga, Eli, kugonga sikuambiwa na mtu. Hilo lilikuwa langu."

Ubao ukapigwa tena, kwa kitu kizito zaidi.

"Akiingia, kesho asubuhi napandishwa basi la Arusha, na Karatu sitaiona tena. Siyo hilo ninaloliogopa. Nimekudanganya, una haki ya kunikataa. Nijulishe tu. Kama unanisikia na hujanikataa, gonga. Usiseme kitu, watu wanasikia. Gonga mara mbili kama zamani. Ukinyamaza nitaelewa, na sitakusumbua maisha yangu yote."

Kisha: ta, ta, ta.

Duka zima likanigeukia. Nikaruka benchi, chai ikamwagika, nikapeleka mkono ubavuni mwa redio panaponing'inizwa maiki. Nikagusa msumari. Nikapapasa chini, nyuma, juu. Nikagusa tundu tupu lililochomolewa waya.

"Maiki iko wapi?"

Tajewo hakunitazama.

"Tajewo, maiki iko wapi?"

"Jana jioni," akasema. "Alikuja kijana wa Dennis na kiroba. Anakusanya maiki za wote wasiolipa, kuanzia Enguserosambu mpaka hapa, na njiani alikuwa anapitia ya Soitsambu. Redio alisema tubaki nazo. Kusikiliza ni bure."

Kiroba. Kikalia ndani, kama vyombo. Nilikisogeza kwa mkono wangu huu, nikamtengenezea klachi, nikamtafutia na watu wa kumsukuma.

Ta, ta, ta, spika ikagonga.

Nikapiga kaunta kwa ukucha. Ta, ta. Nikapiga tena kwa ngumi, sukari ikaruka kwenye mizani. "Nakusikia!" nikaiambia redio, mdomo kwenye chuma chake. "Christina, nakusikia! Nakupata!"

"Hakusikii, bwana," akasema Tajewo, taratibu.

"Mwache," Nanyori akasema, anafuta macho.

Akagonga tena. Safari hii polepole, na baada ya pigo la tatu akangoja. Tulimsikia akingoja, tulisikia pumzi yake, na sisi sote watu wa Wasso tumejaa mle dukani na midomo yetu.

Kisha tukasikia ule mlango wa plaiwudi ukivunjika, na baada yake, tangazo la betri.